Foleni Haianzii Pale Mnaposimama

Muulize mwendesha baiskeli aliyeshindana kwenye ukingo wa Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, kilichomharibia siku yake, na kabla ya pancha au cheni kukatika atakutajia foleni. Nguvu alikuwa nazo, baiskeli nzima, ila alipofika mahali njia inapozama kichakani alikuta watu sitini wamesimama na vumbi jekundu usoni, wanaingia mmoja mmoja kama abiria wa daladala ya mwisho. Lawama zote humwangukia aliyeko mbele: mzee mwenye Phoenix, baiskeli nzito isiyo na gia, au kijana aliyeteleza akaweka mguu chini. Sisi tunaozipanga njia hizi na kuziendesha tunasema kwamba lawama hiyo ni uonevu. Foleni inatengenezwa kilomita kadhaa nyuma, barabarani, na fundi wake ni aliyechora njia.

Kwanza ujue njia zenyewe zimetoka wapi. Juu ya uwanda hakuna mito. Mvua ikinyesha inazama mchangani, na maji yanakuja kuonekana chini mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala na vijiji vya jirani wameshuka ukingoni kuchota maji na kupanda na vyombo kichwani, na nyayo zao ndizo zilizochimba zile njia za mguu ambazo leo tunaziita sehemu tamu za mashindano. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa Newala, ukatazama bonde la Ruvuma, utaelewa kwa nini kila mtu anataka mbio zipite huko. Lakini njia iliyochimbwa na nyayo ina upana wa nyayo: sentimita 40 hadi 60, vichaka pande zote mbili, na baada ya masika inakuwa mtaro wenye kina cha goti. Hapo hakuna kupishana. Ndiyo maana hesabu lazima ifanyike kabla ya kupiga msumari wa kwanza wa bango.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua washindani 150 wanaoanza pamoja. Kwenye njia ya mguu wakinyonga kwa kilomita 10 kwa saa, na kutoka gurudumu la mbele la mmoja hadi gurudumu la mbele la anayemfuata kukawa na mita 6, njia inameza watu 28 hivi kwa dakika. Wakishuka na kukokota wanabanana hadi mita 3, lakini mwendo unashuka hadi kilomita 3 kwa saa, na njia inameza 17 tu. Hizo namba mbili, 28 na 17, zishike.

Sasa rudi barabarani. Tuseme wepesi wanakwenda kilomita 25 kwa saa na wazito 15. Mlango wa njia ya mguu ukiwa kilomita 2 kutoka mstari wa kuanzia, wa kwanza anafika kabla ya dakika 5 kutimia, wa mwisho dakika ya 8. Watu 150 wamebanwa ndani ya dakika 3 na ushee, yaani 47 kwa dakika wanagonga mlango unaomeza 28. Foleni hapo haina mjadala, hata kama wote ni mabingwa. Usogeze mlango hadi kilomita 4: wanatawanyika kwa dakika 6 na ushee, wanafika 23 kwa dakika, na njia inawameza maadamu hakuna anayeshuka. Ila akishuka mmoja na wa nyuma yake wakashuka, uwezo wa njia umekuwa 17 na watu wanazidi kuja. Usogeze tena hadi kilomita 6: wanatawanyika karibu dakika 10, wanafika 16 kwa dakika. Hapo hata wote wakikokota, njia inawachukua.

Kwa kuwa watu hujazana zaidi katikati ya kundi kuliko mbele na nyuma, hizo kilomita 6 zichukulie kuwa kiwango cha chini kwa watu 150. Na aina ya barabara ina neno lake. Mteremko unawaunganisha watu, kwa sababu hata mzito anaserereka na kushika kundi. Tambarare nayo huwaacha wazito wajifiche mgongoni mwa wepesi kukwepa upepo. Mwinuko wa wastani ndio unaowachambua. Kilomita moja ya kupanda inatawanya watu kuliko kilomita tatu za tambarare. Mpanga njia anayetaka kutenda haki aanzishe mbio bondeni na kuwapandisha kwa barabara ya magari, halafu ndipo awaingize vichakani. Wengi wanafanya kinyume: wanaanzia uwanja wa mpira, mbele ya mgeni rasmi na spika za muziki, na baada ya dakika 3 watu wako kwenye mtaro.

Pakikosekana barabara ndefu, kuna njia ya pili: kuanza kwa makundi. Watu 150 wagawe makundi matano ya watu 30, kila kundi dakika 3 baada ya lililotangulia. Kwa mlango ulioko kilomita 2, mtu wa mwisho wa kundi la kwanza anafika dakika ya 8, na wa kwanza wa kundi la pili anafika wakati huohuo, kwa hiyo mlango unapokea watu kumi hivi kwa dakika. Kazi ya ziada ni ya mtunza saa, ambaye lazima aandike muda wa kila kundi peke yake. Cape Epic ya Afrika Kusini, mbio za timu za watu wawili zilizoanza 2004, nazo huanzisha watu kwa makundi. Si jambo la aibu wala la mbio ndogo. Wanawake wapewe kundi lao na nafasi yao ya wazi mbele. Wakiwekwa nyuma ya wanaume wa polepole, mbio zao zinaamuliwa na foleni ya watu ambao hata hawashindani nao.

Ugumu uko kwenye kugawa. Ukiwaambia watu wajipange wenyewe kwa uwezo, nusu nzima watajipanga mbele. Tumeona kinachofanya kazi vizuri: siku ya kuchukua namba, weka kilima cha mita 500 hadi kilomita moja, kila mtu apande mara moja kwa saa ya mkononi. Matokeo yanabandikwa ukutani, ubishi unakwisha.

Tuje kwenye mchanga, maana huku kwetu foleni nyingi zinazaliwa hapo hata kabla ya kufika ukingoni. Mchanga wa uwanda ukiwa na unyevu hushika kama sakafu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mwezi wa 6 njia bado ngumu. Kufika mwezi wa 9 na wa 10 mchanga umekuwa unga, gurudumu la mbele linazama, na njia uliyoiendesha vizuri mwezi wa 6 sasa ni ya kukokota. Mtu akikagua njia Juni kwa mbio za Oktoba, amekagua njia nyingine.

Kalenda ya korosho nayo inaingia humo. Kuanzia mwezi wa 6 mikorosho inapochanua, wakulima wanapuliza salfa, unga wa dawa ya mikorosho, tena alfajiri kabla upepo haujaamka, ili unga ushike kwenye umande. Saa 1 asubuhi, muda ambao mbio nyingi huanza, hewa ya mashamba inaweza kuwa imejaa unga wa njano unaochoma macho, na mtu asiyeona hawezi kushika mstari kwenye mtaro. Zungumza na wenye mashamba na serikali ya kijiji, mjue ni siku zipi hawapulizi. Halafu kabla ya korosho kudondoka, shamba linapaliliwa na kufagiliwa chini ya miti. Palipofagiliwa panakuwa peupe na laini, na ikifika Oktoba korosho ziko chini. Hapo mwendeshaji hana ruhusa ya kutoka njiani apite pembeni, kwa kuwa pembeni ni mavuno ya mtu. Njia iliyokuwa na upana wa mita 5 kwa macho imekuwa ya nusu mita kwa haki. Ukipanga mbio za msimu huo, hesabu kila njia ya shambani kuwa ya mtu mmoja.

Lakini shamba la korosho likipangwa vizuri ndilo dawa ya foleni. Nafasi inayoshauriwa kati ya mti na mti ni mita 12, na katikati ya mistari, nje ya msimu wa kuokota, watu wanne wanapita sambamba. Mwombe mwenye shamba akupe mita 300 za mstari kama huo kabla tu ya mlango wa njia ya mguu, na umlipe. Hapo wepesi waliokwama nyuma ya wazito wanajisogeza mbele bila ugomvi. Mashamba ya zamani ni tofauti, matawi yamekutana na kuinama hadi kifuani. Usikate tawi la mtu. Badilisha njia.

Usukani wa baiskeli za siku hizi ni mpana, milimita 740 hadi 800. Anayekagua njia atembee na fimbo ya mita 1 ameishika kwa ulalo kifuani. Kila fimbo inapogusa mti au jiwe, hapo ni mlango mwingine ambao mtu atasita, na mtu akisita wa nyuma anafunga breki. Tumeona vishina viwili vilivyoachana sentimita 75 vikisimamisha mbio kwa muda mrefu kuliko mlima wote uliofuata. Ilitosha kuihamisha njia hatua nne kulia.

Sasa mpando wenyewe. Kwenye mashindano ya Mtwara na Lindi baiskeli za gia na zisizo na gia zinakutana, na zinastahili kukutana, kwa sababu wenye Phoenix ndio waendesha baiskeli wa kweli wa mikoa hii. Ndio wanaobeba gunia, maji na mgonjwa. Ila lazima uelewe chuma chao. Baiskeli ya aina hiyo ina uzito wa karibu kilo 20, matairi ya inchi 28 kwa 1½, na gia moja. Ikiwa kranki ina meno 44 na nyuma 20, kila mzunguko wa pedeli unasogeza baiskeli karibu mita 5. Hata akinyonga taratibu, mizunguko 40 kwa dakika, inabidi aende kilomita 11 au 12 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 12 hakuna mguu unaoweza mwendo huo kwa muda mrefu. Kwa hiyo atashuka, si kwa uvivu, ni kwa meno. Mwenye meno 32 mbele na 51 nyuma anasogea kama mita 1.45 kwa mzunguko, anaweza kupanda kwa kilomita 5 kwa saa akiwa amekaa kitini.

Ukishajua hivyo, suluhisho liko wazi: pale mpando unapozidi asilimia 10, toa njia mbili. Mara nyingi zipo tayari, ya zamani iliyokatwa na maji na mpya ambayo wapita njia wameihamia. Moja iwe ya wanaokokota, nyingine ya wanaonyonga. Bango liwekwe mita 100 kabla, lisomeke KUKOKOTA KUSHOTO, KUNYONGA KULIA, na msimamizi mwenye filimbi asimame pale njia zinapogawanyika, asisimame kileleni. Msimamizi wa kileleni anashuhudia tu. Njia ikiwa moja tu, anayeshuka akae upande wa mlima na kuacha katikati wazi. Baiskeli husukumwa mtu akiwa kushoto kwake kwa kuwa cheni iko kulia, kwa hiyo chagua njia ambayo mlima uko kushoto kwa mpandaji, mtu apate pa kuegemea bila kuvuka mbele ya wenzake.

Kuna jambo dogo la kutazama kwa karibu kwenye mpando wa mchanga. Mtu anaponyonga kwa nguvu mno, gurudumu la nyuma linazunguka papo hapo nusu duara, linachimba kishimo cha ukubwa wa kiganja, mchanga unamwagika nyuma yake kama unga kwenye ungo. Anayefuata anaingiza gurudumu la mbele kwenye kishimo kilekile, linakwama, naye anaongeza nguvu, na kishimo kinakuwa cha ukubwa wa sahani. Wa tano anaweka mguu chini. Yule wa kwanza hakuona lolote, ameshapita. Kwa hiyo kwenye mchanga weka gia nyepesi mita 20 kabla, kaa kitini uzito ubaki nyuma, nyonga kwa duara bila kukita, na tazama mbali. Ukibadilisha gia ukiwa umeshazama, cheni itaruka, na ikiruka wewe ndiye foleni.

Upepo wa tairi unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, 25 hadi 28 psi inatosha kwa mchanga na mizizi. Wengi wanakuja na 40, tairi gumu kama jiwe, linachimba badala ya kuelea. Ukishusha chini ya 22 na tyubu ndani, ukigonga mzizi rimu inaibana tyubu na kutoboa matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Ukiyaona hayo ujue si mwiba. Wasiotumia tyubu wanaweza kushuka hadi 18 au 20. Mwenye Phoenix hapati faida kubwa kwa kupunguza, tairi lake ni jembamba, na ndiyo sababu nyingine ya kumwekea njia ya kukokota yenye udongo mgumu.

Mabondeni kuna madaraja ya magogo. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mbao kulazwa kwa urefu, kufuata uelekeo wa safari. Upenyo wa sentimita 4 kati ya mbao mbili hauonekani kuwa kitu, lakini tairi la inchi 1½ linaingia humo lote, rimu inakamatwa, na mtu anaruka juu ya usukani mbele ya watu mia. Mbao zilazwe kukingama, upana usipungue mita 1, na juu yake upigiliwe waya wa kufugia kuku ili matope yasiteleze. Daraja la sentimita 60 kila mtu atalivuka kwa miguu, na hesabu yako irudi kwenye 17. Kijito kikiwa cha kina cha kifundo cha mguu, fungua kivuko cha maji pembeni kwa wanaotaka, na nusu ya foleni itapitia huko.

Adabu ya kupishana inafundishwa asubuhi ile ile, dakika 5, kabla ya filimbi. Anayetaka kupita aseme mapema na ataje upande: “Mzee, naomba kulia,” au “Kaka, kulia kwako!” Wa mbele ndiye anayechagua mahali, anajibu “Ngoja hapo mbele,” kisha akifika penye upenyo anasema “Haya pita.” Kupiga kelele “Toka! Toka!” kunamtia mtu hofu, anageuza shingo, usukani unafuata shingo, na wote wawili wako kichakani. Ukiwa nyuma ya mtu kwenye mpando, acha urefu wa baiskeli mbili. Nafasi hiyo ndiyo inayokupa sekunde za kumkwepa akisimama bila nawe kusimama; anayembana mwenzake huku akidhani anamharakisha ndiye anayegeuza mguu mmoja uliowekwa chini kuwa miguu kumi.

Meza ya maji usiiweke kileleni palipo na kichochoro. Iweke mita 200 mbele, barabara ikishapanuka, meza tatu zilizoachana mita 15, zote upande mmoja. Inatosha.

Kwa mbio za mizunguko mifupi, kanuni za UCI, chama cha baiskeli duniani, zina utaratibu wa kumtoa anayechelewa zaidi ya asilimia 80 ya muda wa kiongozi wa mzunguko wa kwanza, ili wepesi wasiwakute wazito njiani. Kwenye mbio za mzunguko mmoja mrefu, kama nyingi za huku, usimtoe mtu kwa asilimia. Weka saa ya mwisho kwenye kituo kimoja kilicho barabarani, iandikwe kwenye fomu, na anayechelewa aonyeshwe njia fupi ya kurudi.

Kabla ya siku yenyewe fanya jaribio. Chukua watu 10, watano wa gia na watano wasio na gia, waingize kwenye mlango wakifuatana, na pima sekunde kutoka wa kwanza hadi wa kumi kwenye kutokea. Gawa kwa tisa. Ukipata sekunde 4 kwa mtu, njia yako inameza 15 kwa dakika, na sasa unajua ni kilomita ngapi za barabara unazohitaji. Siku ya mbio weka mtu mlangoni na mwingine kwenye kutokea, kila mmoja na daftari na saa zilizolinganishwa, waandike namba ya kila mshindani na dakika. Muda wa njia tupu ni ule waliotumia watu wa jaribio kutoka mlangoni hadi kutokea. Toa huo, kinachobaki ni kusubiri. Mshindani akija na malalamiko jioni, mfungulie daftari mbele yake msome pamoja namba yake. Ikiwa alisubiri zaidi ya dakika 2, mlango wa mwaka ujao unasogezwa, na kazi ya kutafuta barabara nyingine ianze wiki hiyohiyo, kabla majani hayajaota na alama za matairi hazijafutika.